Mama Foleni na majina yasiyotaka kutoka

Saa mbili kasoro asubuhi, benchi za wagonjwa wa nje zimeshajaa na waliochelewa wanaegemea ukuta. Mtoto analia. Mzee mmoja anakohoa ndani ya leso. Mtu anauliza, kwa mara nyingine, kama daktari amefika. Nyuma ya dirisha la mapokezi, mwanamke wa makamo aliyevaa sweta la bluu ananyoosha rundo la faili, anasogeza kipaza sauti karibu na mdomo, kisha anafanya jambo ambalo wageni wa hospitali hii hawalitarajii.

"Habari za asubuhi," anasema. "Mimi ndiye ninayeita majina hapa, na mimi nina kigugumizi."

Neno hilo la mwisho halitoki mara moja. Linakwama kwenye herufi yake ya kwanza, na kipaza sauti kinalirudia ukumbi mzima kama gari la asubuhi lisilotaka kuwaka. Mama hahangaiki. Anangoja mpaka linawaka.

"Jina lako likichelewa, hujasahauliwa. Liko mdomoni kwangu, linakuja. Tafadhali usinimalizie, maana ukikosea ataingia mtu mwingine akachomwe sindano yako."

Benchi zinacheka. Anafungua faili la kwanza na kuanza kuita.

Wagonjwa wamempa jina la Mama Foleni, na ndilo aliloomba litumike katika makala haya. Majina wanayoitwa wagonjwa hayataandikwa, kwa sababu ya hospitali hubaki hospitali. Hata hivyo majina hayo ndiyo kisa chenyewe, kwani kwa muda wa karibu mwaka mzima yalikuwa yanamtoa jasho mama huyu kuliko homa inavyowatoa jasho wenye nayo.

Kuhusu namna ya kumnukuu, alikuwa na sharti moja. "Niandike nilivyosema," alimwambia mwandishi wetu, "lakini herufi usizirudie kama ninavyozirudia. Zitakula karatasi bure."

Alizaliwa wa tatu kati ya watoto sita, na kigugumizi kilimwanza kabla hajaanza shule. Nyumbani hakikuwa jambo kubwa. Kaka zake walimngoja amalize, au walimkimbia, ilitegemea anataka kusema nini. Shida ilianzia darasani, zamu ya kusoma kwa sauti ilipokuwa inatambaa kutoka dawati hadi dawati ikija upande wake.

Alikuwa anahesabu aya, aijue mapema ya kwake, aikague kama ina maneno magumu. Kufikia zamu yake alikuwa hana mate kinywani. Wenzake walicheka siku za mwanzo, kisha mwalimu wa kike aliyempenda sana akaona amwondolee aibu: zamu ikifika, alimruka.

"Nilimshukuru kama mama yangu," anasema. "Lakini tangu siku ile sikusoma tena mbele ya watu mpaka nikamaliza shule. Na kila mwaka nikazidi kuogopa kitu ambacho nilikuwa sikifanyi."

Akawa bingwa wa kukwepa. Alijua herufi zinazomkwamisha, K na B na P, na nyingine za msimu, na alijifunza kuzizunguka. Badala ya kusema karibu, alisema ingia. Badala ya baba, mzee. Msamiati wake ukapanuka kwa lazima, kama mtu anayejua vichochoro vyote vya mji kwa sababu ana deni kwenye barabara kuu.

Siku moja sokoni, kitunguu kilikataa katakata kutoka. Watu wako nyuma yake, muuzaji anamtazama. Akaomba kile cha kuwatoa watu machozi. Muuzaji akaweka mizani chini, akafurahi kweli kweli, akamwambia, "Kitendawili hicho? Haya, nimeshindwa, nikupe mji gani?" Alirudi nyumbani bila kitunguu.

Mtaani alisifiwa kwa upole. Majirani walimtolea mfano binti zao. Yeye anatikisa kichwa akikumbuka. "Sikuwa mpole. Nilikuwa na maneno mengi sana, hayana mlango."

Aliolewa na fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamume ambaye, kwa maelezo ya mkewe, anaongea kwa niaba ya watu wawili na chenji inabaki. Walipata watoto watatu. Kazi aliipata hapo hapo hospitalini, masjala, chumba cha nyuma kinachotunza faili za wagonjwa. Huko hakuna anayehitaji kusema. Karatasi inapenyezwa kwenye kitundu, unatafuta faili, unalipenyeza nje. Alikaa humo miaka kumi na sita, na anasema hakuna mtu hospitali nzima aliyelitafuta faili upesi kama yeye.

Halafu mama aliyekuwa akiita majina dirishani akastaafu.

Muuguzi mkuu, ambaye kila mtu humwita Sista Mkuu, alihitaji mtu anayezijua faili na asiyegombana na watu. Sifa zote mbili aliziona kwa mtu mmoja, kwa kuwa Sista naye aliamini habari za upole. Barua ya uhamisho ilimkuta Mama Foleni akiwa juu ya ngazi ya rafu. Alitaka kukataa, lakini kukataa kungemlazimu aeleze sababu, na sababu yenyewe huanza na K.

Asubuhi ya kwanza majina mawili yalitoka salama. La tatu lilianza na B. Kipaza sauti, ambacho hakijui huruma, kilichukua herufi ile moja na kuisambaza ukumbini, nayo ikagonga dari, ikarudi. Watu wakanyanyua vichwa. Kijana mmoja akaiga. Wachache wakacheka kwa kujificha, na wanaume wawili wakasimama kwa pamoja kila mmoja akiuliza kama ni yeye.

"Masikio yaliwaka moto. Nikajua kesho itakuwa hivi hivi. Na kwa sababu nilijua, kesho ikawa mbaya zaidi."

Usingizi ukapungua. Alikuwa anafika kazini mapema kupekua faili na kutazama majina yanayomngoja, na lile gumu akishaliona, koo lilianza kukaza saa nzima kabla ya kulifikia. Alijaribu kuzima kipaza sauti. Watu wa nyuma hawakusikia, wakasogea mbele, wakasongamana dirishani, na hakuna kitu kinachomkwamisha kama nyuso nyingi karibu. Namba zilishajaribiwa hospitalini hapo miaka ya nyuma zikafutwa, kwa kuwa watu walikuwa wanauziana.

Ndipo akabuni njia aliyoiona ndogo. Faili lenye jina gumu alilitoa juu ya rundo na kulipeleka chini, apate kupumua, aliite baadaye koo likilegea. Baadaye ilipofika, koo halikulegea, akalirudisha tena chini.

Wenye majina yale walianza kuona wenzao waliochelewa kufika wakitangulia kuingia. Walikuja juu. Waligonga kioo, wakauliza wametoa nini wale wengine ambacho wao hawajatoa. Yeye akafungua mdomo ajieleze, na mbele ya hasira ile hata majina rahisi yakaanza kukwama. Kwa hiyo faili zilizokwenda chini zikawa nyingi zaidi, na waliokasirika wakawa wengi zaidi. Uvumi wa rushwa ulipomfikia, anasema, alilia chooni akafungulia bomba watu wasisikie.

Kati ya waliosukumwa chini alikuwamo bibi mmoja mwembamba aliyekuja peke yake akilalamika kifua. Huyu hakugonga kioo. Alikaa tangu asubuhi mpaka jua la utosi, akiitazama midomo ya Mama Foleni. Kisha akasimama, akajifunga vizuri khanga yake, akaondoka.

Mama Foleni alimwona akitoka mlangoni. Anakiri kwamba alihisi nafuu, kwa sababu jina la bibi yule lilikuwa limebaki peke yake.

Siku chache baadaye bibi alirudishwa kwa bajaji, amebebwa na mjukuu wake wa kike, nimonia imemshika mapafu yote mawili. Faili lilipoombwa, aliyelitoa ni Mama Foleni. Alilitambua kabla hajalisoma. Mjukuu alikuwa anamweleza muuguzi pale dirishani, bila ugomvi, kwamba bibi alishakuja wiki ile ile, akaona kila mtu anaitwa isipokuwa yeye, akarudi nyumbani akisema labda hospitali siku hizi ina watu wake.

Mama Foleni hakungoja aitwe kujieleza. Alikwenda ofisini kwa Sista Mkuu mchana huo huo na kumweleza yote, faili hadi faili. Maelezo ya dakika chache yalichukua muda mrefu, na Sista, ambaye ni mtu wa haraka, aliweka kalamu chini na kusikiliza mpaka mwisho.

Sista Mkuu anakumbuka alichojifunza siku ile. "Nilikuwa na mtu mwenye shida miaka yote hiyo ndani ya jengo langu, na mimi nikaiita tabia njema. Ndiyo maana sikuweza kumkaripia kama nilivyotaka. Nilimkaripia kidogo."

Kila mwezi hospitali hupokea mtaalamu wa matamshi, dada kijana aliyesomea ng'ambo, ambaye hushughulika zaidi na wagonjwa waliopatwa na kiharusi. Sista Mkuu alimweka Mama Foleni kwenye orodha yake. Walikutana katika chumba kidogo cha mazoezi ya viungo, katikati ya mipira mikubwa ya mpira, mmoja ameketi kwenye kiti na mwingine kwenye mpira.

Mtaalamu hakumfundisha kupumua wala kuimba, kama alivyotegemea. Alichukua karatasi akachora mduara. Juu akaandika hofu. Akashuka nao: koo kukaza, neno kukwama, watu kucheka, aibu, kukwepa. Kutoka kukwepa mshale ukarudi kwenye hofu, na hapo akakoleza wino.

"Kila ukizunguka mara moja, hofu inarudi imenenepa," alimwambia. "Waingereza wanaiita 'vicious circle'."

Mama Foleni alijua neno la pili, alilisoma shuleni kwenye hesabu. La kwanza hakulijua, na hakutaka kuuliza mbele ya mtu aliyemheshimu. Alilibeba mdomoni njia nzima kwenda nyumbani, akilirudiarudia ili lisimponyoke, na ajabu ni kwamba halikumkwama hata mara moja. Anadhani ni kwa sababu lilikuwa geni. Lilikuwa bado halijamwona akiaibika.

Jioni familia ikalikalia kikao. Binti mkubwa, aliye sekondari, akalitafuta kwenye kamusi na kusoma kwa sauti: katili, -enye nia mbaya, kali kama mbwa anayeuma.

"Mduara unaouma?" baba yake akauliza.

Fundi yule alilipenda neno kupita kiasi. Wiki nzima alilitumia kwa kila kinachozunguka. Mzunguko wa barabara ulio karibu na karakana yake ukawa 'vishas sako'. Feni ya sebuleni nayo. Mtoto wao wa mwisho alipotumwa dukani akasahau alichotumwa, akarudi kuuliza, akatumwa tena, baba akatangaza kwamba sasa wameingia kwenye vishas sako yenyewe.

Mkewe hakuridhika. Alihisi neno lile lilimaanisha kitu kilichompata yeye binafsi, na hakutaka lipotee kwenye feni. Alimwambia mumewe kwamba feni huzunguka usiku kucha na asubuhi ni ile ile. Mumewe akafikiri, akasema basi ni kujipalia makaa. Huo ni msemo mzuri, mkewe akamjibu, lakini anayejipalia makaa hujipalia kwa mkono wake, akichoka anaacha.

"Hii nyingine," akasema, "ni moto unaokwenda wenyewe kutafuta kuni."

Fundi ni mtu ambaye maisha yake yote ameshughulika na moto. Anakiri mwenyewe kwamba hapo ndipo alipoelewa, na ndipo alipojua mke wake alikuwa anaungua miaka yote hiyo wakilala kitanda kimoja. "Nilikuwa namsaidia," anasema. "Tukiwa na wageni namalizia sentensi zake. Namjibia simu. Nilidhani nazima, kumbe naleta kuni."

Mwezi uliofuata Mama Foleni alimuuliza mtaalamu mduara huo unavunjwaje. Jibu lilimshangaza. Usianze na neno linalokwama, aliambiwa, hapo ndipo mduara ulipo mgumu kuliko pote. Vuta mahali palipolegea. Na mahali palipolegea ni kule kuficha.

Wahenga walishasema mficha maradhi kilio humuumbua. Yeye methali hiyo aliijua tangu utotoni, ila hakuwahi kufikiri kwamba kigugumizi ni cha kuhesabiwa humo. Maradhi kwake yalikuwa ya watu waliokaa upande wa pili wa kioo.

Alianza na mtu aliyeona anamdai. Bibi alikuwa bado wodini, mapafu yake yalichelewa sana kupona, lakini sasa amepata nafuu, anaketi na mto mgongoni na kulalamikia uji. Mama Foleni alivuta kigoda, akamwambia yeye ndiye wa dirishani. Akamweleza kuhusu majina magumu na faili kupelekwa chini. Akamwambia siku ile hapakuwa na rushwa wala upendeleo. Jina lake tu ndilo lilimshinda.

Bibi aliusukuma mto ukae sawa mgongoni.

"Kwani jina langu lina nini?" akauliza.

"Halina kitu, bibi. Mimi ndiye mwenye kitu."

"Haya, liseme."

Mama Foleni akasema ataliita siku nyingine. Bibi akakataa. Akaweka bakuli la uji pembeni, akafuta mikono, akaikunja mapajani kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Jina lilikwama. Alirudi nyuma, akaanza upya, likakwama tena. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Mkono wake ukaanza kugonga goti, mazoea yake ya zamani ya kulisukuma neno, kisha akauzuia. Akamwomba bibi msamaha kwa kumpotezea muda.

"Mwanangu," bibi akamwambia, "mimi nilikaa kwenye benchi lako tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nitashindwa kungoja hili?"

Likatoka. Halikutoka vizuri, anasema, lilitoka kama mtu aliyesukumwa mlangoni. Bibi akaitika "labeka" kwa sauti kubwa, kana kwamba ameitwa kutoka chumba kingine. Wote wawili wakaanza kucheka, na kifua cha bibi kikamfanya akohoe hadi muuguzi akaja kuona kuna nini.

Bibi aliruhusiwa kutoka wiki iliyofuata. Mjukuu wake anaeleza kwamba huwa anakuja kupimwa presha na hukataa katakata kuingia kwa daktari mpaka aitwe kwa jina lake kamili, hata pasipokuwa na mtu mwingine kwenye benchi.

Kwa upande wake Sista Mkuu alikuwa amepata suluhisho alilodhani litamfurahisha kila mtu. Alimwita Mama Foleni akamwambia nafasi yake masjala ipo, rafu zake zipo, hata ngazi yake ipo, na kwamba atatafutwa mtu mwingine wa dirishani. Hakuna atakayemlaumu.

Mama Foleni anasema moyo wake uliruka kwa furaha. Alikuwa ameshafungua mdomo kushukuru. Kisha akamwona akilini yule mwalimu wa shule, mwenye huruma, akiiruka zamu yake.

"Asante, Sista," alisema. "Lakini hiyo ni 'vicious circle'."

Sista Mkuu anacheka akisimulia. Miaka yote ya kufanya kazi pamoja hakuwahi kumsikia mama yule akitumia neno la Kiingereza, sembuse hilo. Alimwomba afafanue, na Mama Foleni akafafanua kwa Kiswahili: kila alipofichwa asiongee, alizidi kuogopa kuongea, na kila alipozidi kuogopa, watu wema walizidi kumficha. Masjala ilikuwa chumba kizuri, lakini ndicho kilichomfikisha kwenye faili la bibi. Akirudi humo, hofu itamngoja mlangoni ikila na kunenepa, na siku atakayotoka itakuwa kubwa kuliko yeye.

Aliomba abaki dirishani. Alipewa mwezi mmoja wa majaribio kwa sharti moja kutoka kwa Sista: faili lisisogee hata moja kutoka lilipopangwa. Lililo juu ndilo linaloitwa, hata jina likichukua mpaka jioni.

Usiku wa kuamkia tangazo lake la kwanza hakulala vizuri, na asubuhi hakula. Mumewe alitaka kumsindikiza, akamwambia aende kwenye vyuma vyake. Alishika kipaza sauti na kusema maneno aliyoyafanyia mazoezi jikoni. Hakukuwa na makofi. Mama mmoja alisema pole. Mtu mwingine akamwambia jirani yake, kwa sauti ya kusikika, kwamba siku hizi hospitali inaajiri yeyote.

Akaita jina la kwanza, likatoka. La pili likakwama, akaliacha likwame, na watu wakangoja. Anasema kitu kilichomshangaza ni ukimya ule. Zamani, neno likikwama, alikuwa anasikia minong'ono ya watu wakiulizana ana nini. Sasa hawakuwa na la kuulizana, walishaambiwa.

Siku ya nne alikutana na mtihani wake. Mwanamume wa makamo, amefungwa bandeji mkononi, alikuwa anaiga kila herufi iliyokwama, na alikuwa anaiga vizuri. Baadhi ya watu walicheka bila kutaka. Mama Foleni alifikiria kumkemea, akaona itamkwamisha bure. Akaendelea na faili zake kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, mpaka akafika la mtu yule.

Jina lake lilianza na P, na lilikuwa refu, la mababu watatu.

"Sikufanya makusudi," anasema, na anaapa. "Lakini sikuharakisha pia."

Ukumbi mzima ulimngoja mwanamume yule aitwe. Ilibidi naye angoje, amesimama nusu, hajui akae au aende, jina lake likija kipande kwa kipande kupitia spika. Lilipotimia, aliingia kwa daktari akiwa ameinamisha kichwa. Alipotoka alipita dirishani akauliza duka la dawa liko upande gani. Alijibiwa. Akasema asante mama, akaenda.

Kigugumizi hakijapona. Mama Foleni anataka hilo lieleweke, kwa sababu wazazi huanza kumletea watoto wao kama vile ana dawa mfukoni. Mtaalamu alimwambia tangu mwanzo kwamba huenda atakuwa nacho maisha yake yote. Kuna siku P inakaa kimya kama mtoto aliyeshiba, na kuna siku hata A, ambayo haijawahi kumkosea mtu, inamkwama. Siku akiwa amechoka au amegombana nyumbani, foleni inakwenda polepole, na watu wananuna.

Kilichobadilika ni kwamba siku mbaya haizai siku mbaya nyingine. Inaisha jioni. Analala.

Sista Mkuu anasema malalamiko ya upendeleo pale dirishani yamekwisha, ingawa mawili matatu ya ucheleweshaji bado yanamfikia, naye huwajibu wenye haraka kwamba daktari mwenyewe hajamaliza na aliyetangulia. Mwezi wa majaribio ulipita bila mtu yeyote kuukumbuka.

Nyumbani fundi amejifunza kungoja, jambo ambalo watoto wanasema ndilo muujiza wenyewe. Simu ikiita, anaiangalia tu. Wageni wakija na mkewe akakwama katikati ya habari, yeye hutafuna kitu. Ameongezeka uzito.

Alipoulizwa ana mpango gani sasa, Mama Foleni alitazama kwanza kama kuna anayesikiliza, ingawa mchana ule benchi zilikuwa tupu na mfagizi alikuwa akimwaga maji sakafuni.

Mdogo wake wa mwisho anaolewa baada ya miezi miwili. Kwenye sherehe, mtu mmoja wa ukoo husimama na kuwatambulisha ndugu kwa wageni: shangazi, wajomba, mabinamu, wakwe, mmoja mmoja kwa jina na uhusiano. Miaka yote kazi hiyo ilikuwa ya kaka yao mkubwa. Safari hii dada huyo bibi harusi amemwomba yeye, na yeye, kabla hofu haijapata kuamka, alishakubali.

Ameorodhesha watu zaidi ya sitini kichwani. Jina litakalomsumbua kuliko yote analijua tayari, ni lake mwenyewe. Wenye kigugumizi wengi watakuambia hivyo hivyo. Hajawahi kulisema mbele ya umati, na amepanga kuanza nalo.

Hajui litachukua muda gani kutoka. Amezungumza na kamati ya harusi kuhusu jambo hilo, na kamati ilikuwa na wasiwasi kidogo juu ya ratiba, mpaka yeye mwenyewe alipowapa ushauri ambao umepitishwa bila kupingwa.

"Nimewaambia watu wapewe chakula kwanza, ndipo nisimame," anasema Mama Foleni, akifunga dirisha. "Mtu aliyeshiba hana haraka."